UZI: Kabla hujampa fundi kitabu chako abaindi, muulize kwanza kama atakata mgongo

Fundi_wa_Mgongo

Wakuu, salamu. Mimi kazi yangu ni kubaindi vitabu, hapa mjini, upande wa chini wa Kirinyaga Road, kule ambako watu wazima bado wanaita Grogan. Kila Januari na kila msimu wa mahafali naletewa vitabu ambavyo vimeshapitia mikono ya mtu mwingine, na karibu vyote vina ugonjwa mmoja: mgongo umekatwa. Nimechoka kueleza mteja mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayesoma asome.

Kitabu kilichotengenezwa vizuri si rundo la karatasi mojamoja. Ni karatasi kubwa zilizochapwa, zikapindwa, zikawa mikunjo ya kurasa 16 au 32, kisha kila mkunjo ukashonwa kwa uzi kupitia kwenye pindo lake. Chukua kamusi ya zamani au Biblia, itazame kwa juu, pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona vijipindo vimejipanga kimoja baada ya kingine, humo ndani kuna uzi. Ukiona karatasi zimenyooka tu na kuzama kwenye gundi, hakuna kilichoshonwa.

Sasa wewe una kitabu cha kushonwa. Jalada limebanduka, ndani hakina shida yoyote. Unakipeleka kwa kijana mwenye gilotini. Yeye ana foleni ya watu, anakiweka chini ya kisu, anaondoa milimita tatu au nne za mgongo "ili gundi ishike," anapaka gundi ya moto, anavika kava nyeusi na herufi za dhahabu. Kinang'aa! Unalipa, unatoka umeridhika. Baadaye karatasi zinaanza kutoka moja moja, kwanza za katikati, pale unapopenda kukifungua. Ukiniletea mimi hapo, sina pa kupitisha sindano. Mapindo yote yalibaki sakafuni kwake, yakafagiwa na takataka.

Pindo ndilo mtaji wa kitabu. Likiwepo, kitabu kinaweza kufumuliwa na kushonwa upya, na wajukuu wako wakakifumua na kukishona tena. Likiondoka umebaki na karatasi za kubandika.

Kwa hiyo swali ni moja tu, na uliulize kabla hujaacha kitabu: "Fundi, utakata mgongo?" Akisema ndiyo, na kitabu ni cha kushonwa, chukua kitabu chako uende.

---

Dijitali254

Bosi, huu ni mwaka gani? Hati za mashamba ya Nairobi zimeanza kuingia Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, tangu 2021, Gazeti Rasmi unalisoma kwa simu ndani ya matatu, na wewe unatuletea habari za sindano. Skani, weka PDF, lala.

---

Fundi_wa_Mgongo

@Dijitali254 sina ugomvi na PDF, mimi mwenyewe ninazo. Ila uliza wanavyoskani. Duka lenye mashine ya kumeza karatasi zenyewe litakuomba ruhusa ya kukata mgongo ndipo karatasi zipite mojamoja. Na wengine hawaombi. Ukitaka kitabu kibaki kitabu, tafuta wanaopiga picha kwa kamera ya juu, kitabu kimelala wazi kwenye mto. Ni polepole na ni ghali zaidi. Lakini baada ya hapo una PDF na kitabu pia.

---

Karani_wa_Sheria

Nimecheka hapo kwa "wengine hawaombi." Yametukuta.

Niko ofisi ya mawakili hapa katikati ya mji. Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa, sisi tulikuwa tunayakusanya mwaka mzima halafu yanabaindiwa jalada moja au mawili. Kweli siku hizi yako mtandaoni, hata hukumu ziko mtandaoni. Lakini ripoti za sheria za zamani za mkubwa wetu zina maandishi yake ya kalamu pembeni, kesi gani ilipinduliwa na ipi, tangu akiwa kijana. Hiyo hakuna tovuti inayo.

Sasa kuna duka (silitaji) walitufanyia majalada kadhaa kwa kutoboa matundu ubavuni na drili, wakapitisha uzi mnene. Hayajakatika hata moja, nakubali. Shida hayafunguki. Lazima ukandamize kwa mikono miwili, na maneno ya upande wa ndani huyaoni. Kwenye fotokopi unatoka mstari mweusi katikati. Hiyo inarekebishika?

---

Fundi_wa_Mgongo

Karani, inarekebishika, mradi walitoboa bila kukata. Huko kunaitwa kushona kwa ubavu, na kuna mahali pake: vitabu vyembamba, vitabu vya watoto, daftari za risiti. Kwa jalada nene ni adhabu kwa msomaji, maana uzi umepita sentimita moja hivi ndani ya ukurasa na pambizo yote imemezwa.

Nitakachofanya: nakata ule uzi, natoa mikunjo mmoja mmoja kwa mkono, naloweka gundi ya zamani kwa ubandiko wa ngano (uji wa unga unaonata) hadi ilainike, naikwangua. Matundu ya drili yatabaki, siwezi kuyaficha, ila hayadhuru. Halafu nashona upya kupitia pindo, juu ya tepu za pamba. Magazeti yale ni karatasi zilizopindwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine, kwa hiyo pindo lipo. Jalada litalala wazi juu ya meza bila kushikwa.

---

Msomi_Mchovu

Fundi, mimi tasnifu yangu nimeprinti A4 upande mmoja, kurasa kama mia mbili hivi. Hakuna mkunjo wowote hapo. Kwa hiyo mimi sina mtaji? 😅 Na chuo wanataka jalada gumu, jeusi, herufi za dhahabu.

---

Fundi_wa_Mgongo

@Msomi_Mchovu hapo gundi ndiyo njia, wala si aibu. Lakini kuna gundi na gundi.

Gundi ya moto, ile ya vidonge inayoyeyushwa kwenye mashine, inakauka kwa sekunde. Ndiyo maana wanaipenda, wewe unasubiri pale pale dirishani. Inashika ncha ya karatasi tu, na kadiri inavyozeeka inakauka na kupasuka. Fungua tasnifu kwa nguvu hapo katikati, utasikia mlio, kwisha.

Njia nyingine ni gundi nyeupe, ile ya maji ya mafundi seremala lakini ya daraja laini, ya vitabu. Unazilinganisha karatasi, unazibana karibu na mgongo, halafu unazipinda zote upande mmoja zitawanyike kama karata mkononi mwa mchezaji. Kila karatasi inatokeza ukingo wake kidogo, hata milimita moja haifiki. Unapaka gundi. Unazipinda upande wa pili, unapaka tena. Kwa hiyo kila karatasi imeshikana na jirani yake wa kushoto na wa kulia, si ncha peke yake. Mjerumani Emil Lumbeck ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane, miaka ya 1930, na mafundi wa huko wanaiita kwa jina lake mpaka leo. Mimi naongeza mikato midogo ya msumeno mgongoni, nalaza uzi wa kitani ndani yake pamoja na gundi. Kisha kitambaa cha shashi juu. Kinakaa kwenye shinikizo usiku kucha.

Usiku kucha, Msomi. Ukija saa kumi jioni na kuniambia unawasilisha kesho saa mbili asubuhi, nitakuelekeza kwa wale wa gundi ya moto na sitakulaumu.

Na pambizo! Acha sentimita 3.5 hadi 4 upande wa kushoto. Wengi wanaacha mbili, halafu wananilaumu mimi eti nimemeza maneno.

---

Msomi_Mchovu

Nawasilisha kesho saa mbili asubuhi.

---

Karani_wa_Sheria

😂😂😂

---

Mzee_wa_Chapa

Vijana hamjambo. Nimeupenda uzi huu, nimeusoma wote na miwani yangu.

Mimi ni mstaafu. Nimefanya kazi chumba cha kubaindi miaka mingi, enzi ambazo ofisi zote za serikali zilitumia madaftari makubwa: ardhi, vizazi na vifo, mahakama, hazina. Karatasi nyingi tulizokunja zilitoka Webuye, kile kiwanda kilichokuja kusimama 2009. Fundi ameeleza vizuri habari za pindo lakini ameruka kazi ninayoiheshimu kuliko zote: daftari la hesabu la mgongo wa springi.

Hilo daftari mlione mkilipata. Mgongo wake si kadibodi ya kawaida. Tunagundisha tabaka juu ya tabaka, tunazikunja zingali mbichi zishike umbo la duara, zikauke ziwe ngumu kabisa. Daftari likishashonwa, mgongo ule unavalishwa kwa nguvu. Ukilifungua, makava yanausukuma, nao unabana kutoka pembeni na kurusha kurasa juu. Kurasa zinalala bapa kabisa, karani anaandika mpaka ndani kwenye pindo bila kushikilia kwa mkono wa pili. Waingereza walichukua hataza yake mwaka 1799, na sijaona kilichoizidi kwa mtu anayeandika kwa kalamu kutwa nzima. Likifunga linapiga mlio, "pa!" Ukiwa ofisini ulikuwa unajua karani yupi amemaliza.

Ubandiko wetu tulipika wenyewe: unga wa ngano, maji, na shabu kidogo usioze. Wengine waliongeza mrututu, mende wasisogee.

---

Fundi_wa_Mgongo

Shikamoo mzee wangu. Karibu sana uzini. Mgongo wa springi nimeufumua mara nyingi, kuutengeneza upya kwa ubora ule sijaweza, na shinikizo langu ni dogo. Huo ni ukweli.

---

Mzee_wa_Chapa

Marahaba. Tatizo si shinikizo, ni haraka. Mnautoa kwenye umbo kabla haujakauka.

---

Binti_Maktaba

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote naomba nipinge hapo kwa shabu.

Nafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka. Shabu ina tindikali. Ni jamii ile ile ya kemikali waliyokuwa wanaweka viwandani kwenye karatasi tangu karne ya 19 ili wino usisambae, na ndiyo sababu moja kubwa vitabu vya miaka ile vinakuwa rangi ya chai na kuvunjika ukivikunja pembe. Ukiiweka kwenye ubandiko, umeipaka mgongoni mwa kila mkunjo, mahali panapokunjuka kila siku. Na mrututu ni sumu kwa fundi mwenyewe, si kwa mende tu.

Sisi tunapika unga mtupu, au wanga uliotolewa gluteni, tunatengeneza kidogo kidogo na kuhifadhi kwenye friji. Ukichacha, unamwagwa.

---

Mzee_wa_Chapa

Binti yangu, friji tulikuwa hatuna. Na madaftari yetu yapo hadi leo, nenda kayaangalie.

---

Binti_Maktaba

Nimeyaangalia mzee, ni kazi yangu 🙂 Uzi wenu uko imara. Karatasi ndiyo inavunjika kandokando ya uzi.

---

Fundi_wa_Mgongo

Niseme yangu kati ya hao wawili. Kwa daftari la kuandikwa miaka kumi na kufungiwa stoo, ubandiko wa mzee ulifanya kazi iliyokusudiwa, tena mahali penye mende wa Nairobi, ambao wanapenda wanga kuliko ugali. Kwa kitabu cha kurithishana namfuata Binti. Na wote wawili wako upande mmoja dhidi ya gundi nyeupe, kwa sababu ubandiko wa ngano na hata ile gundi ya zamani ya ngozi na mifupa hulainika kwa maji. Fundi anayekuja baada yako anaweza kuiondoa. Gundi nyeupe ikishakauka haitoki bila kung'oa karatasi. Ndiyo maana kwenye vitabu vya kushonwa sipaki gundi nyeupe mgongoni moja kwa moja, naanza na ubandiko, naweka tabaka la karatasi, ndipo nyeupe ifuate kwa nje.

---

Mama_Kayole

Jamani mimi si msomi wala si wakili. Nina Biblia ya shosho wangu, ya Kikuyu. Jalada limetoka, karatasi za mbele zimechanika, na kaka yangu aliziunga na selotepu. Karatasi hizo za mbele ndizo zina majina yetu wote, nani alizaliwa lini na nani amelala lini, kwa mwandiko wa shosho na baadaye wa mama. Nilipeleka duka moja mjini wakaniambia watatoa hizo karatasi chafu waweke mpya nyeupe. Nikachukua Biblia yangu nikatoka.

---

Fundi_wa_Mgongo

Mama, ulifanya vizuri sana kutoka.

Hizo karatasi za mbele ndizo zinazoteseka zaidi kwenye kitabu chochote, kwa sababu ndizo zinazounga jalada na tumbo la kitabu. Fundi wa haraka anaziona takataka: zimechakaa, anang'oa, anabandika mpya. Kwa Biblia ya ukoo hizo ndizo zenye thamani kuliko jalada lenyewe. Zinaweza kubaki. Tunatia karatasi mpya nje yake zibebe mzigo wa jalada, za shosho zinabaki ndani zimepumzika. Palipochanika tunaunga kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, inayotokana na magome ya mti wa kozo. Ina nyuzi ndefu, ni nyembamba kiasi kwamba mwandiko unasomeka chini yake. Ni ghali, inaagizwa, lakini kwa Biblia moja kinachohitajika ni vipande vidogo.

Shida yako kubwa ni selotepu. Plastiki yake itabanduka, tena yenyewe, lakini gundi yake inazama kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia. Usiivute. Ukiivuta inaondoka na maandishi. Iache ilivyo, funga Biblia kwa utepe wa kitambaa (raba bendi hapana, inakatakata kingo), iweke imelala. Na wote mnaosoma hapa: selotepu isiguse kitabu. Bora kichanike.

Karatasi ya Biblia yenyewe ni nyembamba na ngumu, usiogope. Karibu zote za zamani zimeshonwa, na uzi ukiwa mzima sifumui ndani. Nabadilisha mgongo na jalada tu.

---

Mama_Kayole

Asante sana fundi. Nitamwambia kaka yangu aisikie hiyo ya selotepu.

---

Ustadh_wa_Majengo

Assalaam alaikum. Mnaongea kama vile kazi hii ililetwa na reli.

Pwani yetu kujalidi vitabu ni kazi ya kale. Siyu, kisiwani Pate, karne ya 19 ilikuwa na sifa ya wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi, na misahafu ya huko iliyoandikwa kwa mkono ipo hadi leo. Jalada lile halifanani na la Grogan. Makava yanalingana sawasawa na karatasi, hayatokezi nje hata kidogo. Mgongo ni bapa, haupigwi nyundo kuwa duara. Na jalada la nyuma lina ulimi: kipande cha ngozi chenye ncha ya pembetatu kinachozunguka upande wa mbele na kuingia chini ya kava la juu. Kinazuia vumbi, na msomaji akitaka anakiacha pale alipofikia.

Sisi hapa Majengo tuna msahafu wa babu, umepelekwa kwa fundi wa mjini akaukata ule ulimi. Alidhani ni ngozi ya ziada.

---

Fundi_wa_Mgongo

Waalaikum salaam ustadhi. Hiyo ya ulimi imeniuma.

Nikuongezee: ushonaji wa misahafu ya aina hiyo hauna kamba wala tepu mgongoni. Uzi wa hariri unafanya mnyororo, kila mkunjo unajishika kwenye mkunjo uliotangulia, kwa matundu machache tu. Kisha juu na chini panasukwa utepe wa rangi mbili kwa mtindo wa vishale. Ule utepe si pambo peke yake, unashikilia vichwa vya mikunjo. Waethiopia nao wana mnyororo kwenye vitabu vyao vya kanisa, ila wao makava ni ya mbao.

Fundi asiyejua akiona mgongo bapa anaona kasoro, anaugonga uwe duara. Akiona makava hayatokezi anaweka makubwa zaidi. Mwisho msahafu unarudi umevaa suti ya Kizungu. Ulimi mpya unaweza kukatwa na kuungwa kwa ngozi ya mbuzi iliyonyolewa ukingoni, lakini kazi hiyo aishike mtu aliyeona mingine.

---

Binti_Maktaba

Jalada lenye ulimi ni la zamani sana. Vile vitabu vilivyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, 13 kwa jumla, vingi vilikuwa na majalada ya ngozi ya karne ya 4, tena yenye kipande cha kufunikia mbele. Afrika hii hii.

---

Dijitali254

Sawa, nimekaa kimya nasoma. Nakubali kidogo. Sasa swali la mtu asiye na kazi: kijana akitaka kuanza anahitaji nini? Usiniambie mashine ya milioni.

---

Fundi_wa_Mgongo

@Dijitali254 mashine baadaye. Msharasi, ule ule wa fundi viatu, wenye ncha nyembamba. Sindano isiyo kali sana. Uzi wa kitani na kipande cha nta ya nyuki ya kuupitishia. Kikunjio cha mfupa, na wachongaji wa mifupa ya ng'ombe wako Kibera, watakuchongea. Mbao mbili nene na vibanio vya seremala ndilo shinikizo lako la kwanza. Ngozi ya mbuzi nenda Kariokor, lakini chagua nyembamba, maana utakaa nayo na kisu ukiinyoa ukingo hadi ikaribie karatasi, la sivyo kona za jalada zitakuwa na nundu.

Kisha ujue mambo mawili ambayo wengi wanaruka.

Moja, unene wa uzi. Kila mkunjo unaoshona unaacha uzi ndani ya pindo. Mikunjo 30 kwa uzi wa nusu milimita, kwa hesabu mgongo umezidi mbele kwa milimita 15, ingawa uzi unazama kiasi kwenye karatasi. Huo uvimbe ndio tunaougeuza kuwa duara kwa nyundo, na mabega yake ndiyo yanayobeba kava. Uzi mwembamba mno, mgongo hauna uvimbe, duara halishiki, baada ya muda kitabu kinabonyea kwa ndani. Uzi mnene mno, kitabu kinakuwa kabari. Fundi mzuri anabonyeza mikunjo kwa vidole kabla hajachagua uzi. Ukimuona anachukua uzi uliopo tu, mh.

Mbili, mkondo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina mkondo. Ikilowa inatanuka kukatisha mkondo, haitanuki kuufuata. Mkondo lazima uende sambamba na mgongo, kwa karatasi, kwa kadibodi, kwa kila kitu. Pinda kadibodi bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Inakokubali kwa urahisi, mkondo umelala sambamba na mstari wa pindo hilo. Mafundi wengi wanakata kadibodi wanavyoona itatosha, wasipoteze kipande. Januari jalada limenyooka vizuri. Mvua za Machi zikianza, kava linajikunja, kitabu hakifungi.

---

Mzee_wa_Chapa

Hapo kwa mkondo ndipo tulipokuwa tunamjua mwanagenzi mvivu.

---

Msomi_Mchovu

Na mwanagenzi analipwa? Nauliza tu, PhD yenyewe hii sijui inanipeleka wapi.

---

Binti_Maktaba

@Msomi_Mchovu Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, aliingia uanagenzi wa kubaindi London mwaka 1805 akiwa na miaka 14, kwa miaka saba. Alikuwa anasoma vitabu vya wateja. Mwaka 1812 akahudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika maelezo, akayabaindi mwenyewe, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi kwenye maabara. Wewe unataka kurudi kinyume chake.

---

Msomi_Mchovu

Nimekoma.

---

Fundi_wa_Mgongo

Kulipwa, wacha niseme wazi. Vitabu vya kushona havinilipii kodi ya duka. Tasnifu, ripoti, kalenda na daftari za risiti ndizo zinalipa. Kitabu kimoja cha kufumua na kushona kinaweza kula siku mbili, na mteja anataka nimtoze sawa na wale wa dirishani. Wengi wa rika langu wameachia sindano kwa sababu hiyo, wala si kwa kutojua. Sitawasema vibaya. Yule kijana wa gilotini naye ana watoto, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza anakata nini. Mkiuliza, na mkakubali kusubiri na kulipa tofauti, atajifunza. Technical University pale wanafundisha mambo ya uchapaji, kwa hiyo vijana wapo. Wateja ndio sina hakika.

---

Karani_wa_Sheria

Fundi, mkubwa amekubali. Nimemsomea uzi huu wote ofisini, amecheka kwa Msomi mpaka akakohoa. Anauliza: majalada yale ya drili tuyalete yote pamoja au kwanza moja la kujaribu? Na herufi za mgongoni unaweza kufananisha na za zamani?

---

Fundi_wa_Mgongo

Leteni moja kwanza, lile baya kuliko yote. Mkiridhika mtaleta mengine.

Herufi za dhahabu nina za risasi za ukubwa kadhaa, nyingine mzee mmoja aliniachia alipofunga duka. Nipe picha ya mgongo mmoja wa zamani usioguswa, pamoja na rula pembeni, nione ukubwa. Rangi ya kitambaa haitafanana kabisa, ile ya zamani imepauka kwa jua la dirishani kwenu, na sitaki kupausha mpya kwa makusudi.

Mkileta msisimamishe kwenye mfuko. Lilazwe kwenye boksi. Na vile vikaratasi vya njano vya kunata alivyoweka mkubwa ndani, avitoe yeye mwenyewe kabla, aandike namba za kurasa pembeni kwa penseli. Mimi nikivitoa sitajua kipi kilikuwa wapi.

---

Karani_wa_Sheria

Viko vingi sana hivyo vikaratasi. Basi ni wiki ijayo.